Wimbo Huchipuka Kutoka Chini



Nimeombwa kuzungumzia muziki ambao wengi wetu huuhesabu kuwa wa wageni: albamu za jazi iliyochanganywa na roki, zisizo na mwimbaji, ambamo gita la besi na ngoma ndizo zinazoongoza na ala nyingine zote zinafuata. Wapo wanaouita muziki wa majaribio. Nina neno moja la kutetea mbele yenu. Muziki huu unatuhusu sisi wa Majanji, ukingoni mwa ziwa, kuliko tunavyodhani, kwa kuwa kanuni yake kuu, kwamba wimbo huchipuka kutoka sauti za chini, ni kanuni ambayo ala zetu zimeishika tangu enzi za mababu. Na kwa kuwa unatuhusu, unatudai deni: tuwarekodi wapiga ngoma na wapiga besi wetu kama watunzi, katika kazi ndefu zenye majina yao kamili.

Albamu yenye jina la Kiswahili

Nianze na kazi iliyofanywa mbali, lakini ikabeba jina letu. Tarehe 31 Desemba 1970, katika studio ya Wally Heider mjini San Francisco, mpiga kinanda Herbie Hancock alirekodi na wenzake albamu iliyotoka mwaka uliofuata kwa jina la Mwandishi. Ilikuwa miaka ambayo Wamarekani wengi weusi walikuwa wakichukua majina ya Kiswahili ili kutangaza asili yao. Mpiga ngoma James Mtume, ambaye yeye mwenyewe alikuwa tayari na jina la Kiswahili, ndiye aliyempa Hancock jina la Mwandishi. Wenzake nao wakapata yao: mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, mpuliza tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, Bennie Maupin wa klarineti na saksafoni akawa Mwile, na Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto.

Albamu nzima ina vipande vitatu tu. Cha kwanza, kinachoitwa Ostinato, kilitungwa kwa heshima ya Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa gerezani akisubiri kesi. Kisikilizeni kwa makini mkikipata. Kinaanza chini kabisa, kwa sentensi fupi ya besi. Sentensi hiyo inarudiwa, inarudiwa tena, na duru yake ina mapigo 15. Kumi na tano haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mguu unaojaribu kuifuata kwa hatua za kawaida hujikuta duru moja umeanza na wa kulia na duru inayofuata umeanza na wa kushoto. Klarineti ya besi ya Maupin inaifuata sentensi ileile na kuinenepesha. Wapiga dramu ni wawili, Billy Hart na kijana Leon Chancler, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ndugu. Wanazungumza kutoka pande mbili, na hakuna anayemfunika mwenzake. Kinanda cha umeme na tarumbeta huja baadaye, huruka juu kidogo, kisha hutua. Besi haitoki mahali pake. Ndiyo ardhi ya kipande hicho.

Ili tuone ujasiri wa jambo hili, tukumbuke desturi ya jazi kabla yake. Mpiga besi na mpiga ngoma walikuwa walinzi wa mwendo. Tarumbeta ikisimama kusimulia, wao walikaa nyuma, na zamu yao ya kusikika ilikuwa dakika chache katikati ya onyesho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpangilio huo ulianza kupinduliwa. Mnamo Agosti 1969 Miles Davis, ambaye Hancock alikuwa amepiga katika kundi lake kwa miaka kadhaa, alirekodi Bitches Brew akiwa na wapiga besi wawili na wapiga ngoma kadhaa kwa pamoja, na tarumbeta yake ikawa mgeni anayepita juu ya mto wa midundo. Mwandishi ilitoka katika chemchemi hiyo hiyo. Wahakiki wakaiita majaribio. Kwao yalikuwa majaribio kweli.

Ala zetu zinavyofundisha

Sasa turudi nyumbani, tuanze magharibi kidogo ya hapa tulipo. Mwaka 1959 mtafiti kutoka Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akawa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ili ajifunze kupiga amadinda. Amadinda ni marimba ya mbao 12, na wapigaji wake ni watatu. Wa kwanza anapiga mfululizo wake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, akiwa ameketi upande wa pili, anaingiza noti zake katikati ya noti za mwenzake, moja hapa, moja pale, bila kugongana. Wa tatu, anayeitwa omukoonezi, amepewa mbao mbili tu za juu kabisa.

Je, huyu wa tatu anapiga nini? Hapa ndipo penye elimu yote ya mhadhara huu. Anasikiliza noti zinazoangukia kwenye mbao mbili za chini kabisa, zile zinazopatikana wenzake wawili wanapofumana, na noti hizo hizo anazitoa juu. Yaani mstari wa juu, unaonasa sikio la mgeni kabla ya mingine, umesomwa kutoka chini. Asiyesikia besi hawezi kupiga mbao za juu.

Kubik aliandika mwaka 1962 juu ya jambo lingine alilolisikia katika muziki huu. Msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mpigaji mmoja anayezipiga. Mikono ya wawili ikifumana kwa kasi, sikio linachagua noti za chini linaziunga, linachagua za juu linaziunga, na kutoka katika mfumano huo hujitokeza mistari mipya. Msikilizaji anakuwa mshiriki. Ndiyo maana mzee mmoja anaweza kuimba sauti moja akisikiliza amadinda, na jirani yake akaimba nyingine, na wote wawili wakawa sahihi.

Katika ikulu hiyo hiyo palikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopigwa na watu sita. Kati yake 12 zilipangwa kwa sauti, kubwa hadi ndogo, zikapiga nyimbo zilezile za marimba. Ngoma zilizoimba bila koo la mtu! Hugh Tracey aliwarekodi wanamuziki wa ikulu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwezi Mei 1966 ikulu hiyo ya Mengo iliposhambuliwa, wanamuziki walitawanyika, na entenga ikanyamaza kwa miongo mingi hadi msomi James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipowatafuta wachache waliobaki ili wawafundishe vijana. Kilichookoa muziki ule ni mambo mawili: kulikuwa na rekodi, na kulikuwa na watu waliojulikana kwa majina, hata wakaweza kutafutwa.

Sogeeni karibu zaidi, hadi Busoga. Katika kijiji cha Nakibembe wanapiga embaire, marimba kubwa ya mbao zaidi ya ishirini inayozungukwa na wapigaji wengi kwa pamoja. Chini ya mbao hizo huchimbwa shimo ardhini, na shimo hilo ndilo linalozipa mbao nene sauti yake nzito. Kabla mtu hajapiga noti moja, jembe limeshafanya kazi ya kuandaa besi. Kundi la Nakibembe lilitoa albamu yake mwaka 2023 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na leo kuna wasikilizaji wa Ulaya wanaolijua jina la kijiji hicho ambao hawajui Jinja iko wapi.

Huku kwetu mpakani mwa Uganda na Kenya nako hakukosi. Waiteso wana akogo, marimba ya vidole, na katika makundi yao akogo ndogo huongoza wimbo huku akogo kubwa ya sauti nene ikibeba mwendo. Jopadhola wa Tororo wana ngoma zao ndefu za fumbo na ala ya nyuzi iitwayo tongoli. Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane: mpigaji huketi chini, huvaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga ubavu wa ala. Mtu mmoja ni mpiga nyuzi, ni mpiga besi, ni mpiga ngoma. Bendi yote imo ndani ya mwili wake. Na engalabi, ngoma ndefu ya Buganda, kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, ambaye hapa Majanji hahitaji kuelezwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo kijana wa hapa anaposikia besi ya Mchezaji ikirudia duru yake, naye akajiambia kuwa huu ni muziki wa wenye elimu ya ng'ambo, ninamwomba aende kwanza kwa mpiga akogo kubwa aliye jirani yake. Atamkuta anafanya kazi ileile: kushikilia sentensi moja mpaka wengine wote wapate pa kusimama.

Upande wa pili wa santuri

Kama kanuni hii tulikuwa nayo, mbona hatuna rafu nzima ya albamu za besi na ngoma kutoka huku? Jibu moja ni santuri yenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 muziki wa ziwa uliuzwa kwa santuri ndogo, zenye nafasi ya dakika tatu au nne kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Upande wa kwanza mwimbaji alisimulia habari yake. Upande wa pili magita yalifunguka, besi ikapanda, dramu ikakaza mwendo, na watu wakainuka vitini.

Benga, muziki wa magita wa Wajaluo, ni mfano mkubwa. D. O. Misiani, mzaliwa wa upande wa Tanzania wa ziwa, aliijenga Shirati Jazz na kuifanya jina la kila nyumba ya Nyanza. Ochieng Nelly na Collela Mazee waliunda Victoria Jazz mwaka 1972. Besi ya benga haikai kimya ikingoja zamu. Inarukaruka, inajibizana na gita la solo kama vile nyuzi nene za nyatiti zinavyojibizana na nyembamba, na wimbo ukifika kileleni maneno hukoma kabisa. Basi kipande cha ala tupu tulikuwa nacho, kimebanwa katika dakika tatu za upande wa pili.

Jibu la pili ni zito zaidi, na ndilo linaloniuma. Lebo za santuri hizo ziliandika jina la bendi na la mtunzi. Mpiga besi na mpiga dramu mara nyingi hawakuandikwa. Tunazo sauti za mikono yao, tumezichezea harusini na matangani, lakini wengi wao hatuwajui. Mtu aliyeshikilia wimbo mzima amepita katika historia bila jina.

Wala si sisi tu. Mwaka 1973 Hancock huyohuyo alitoa Head Hunters, albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni moja. Kipande chake kiitwacho Watermelon Man kinaanza kwa Bill Summers kupuliza chupa ya bia, akiiga upulizaji wa filimbi wa Wababenzele wa Afrika ya Kati, aliousikia katika rekodi za Simha Arom za miaka ya 1960. Ulimwengu ulimjua Hancock, ukamjua Summers. Wapulizaji wa Kibabenzele hawakutajwa. Ninaipenda albamu hiyo, na kwa sababu ninaipenda nataka hesabu yake ikamilike.

Majirani waliothubutu

Mwaka 2020 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa Kaloli, albamu ya kundi la Nihiloxica la Kampala. Ndani yake wapiga ngoma waliolelewa katika kundi la Nilotika walikaa pamoja na Waingereza wawili, mpiga dramu Spooky-J na mpiga sintesaiza pq. Hakuna mwimbaji anayeongoza. Ngoma iitwayo empuunyi inashika mapigo mazito ya chini, engalabi zinasimulia, nyingine iitwayo namunjoloba inapasua juu kwa fimbo zake, na sintesaiza inaongeza kina kizito ambacho ngozi peke yake isingekifikia. Kati ya vipande vyake kuna kinachoitwa Busoga na kingine kinachoitwa Bwola, jina la ngoma ya kifalme ya Waacholi. Ni midundo ya asili iliyosukumwa kwa nguvu za roki.

Nawataja wapiga ngoma hao kwa makusudi: Henry Isabirye, Henry Kasoma, Jamiru Mwanje na Alimansi Wanzu Aineomugisha. Majina yao yanajulikana, na kila mmoja anajulikana kwa ngoma anayoipiga. Hilo peke yake ni hatua ambayo santuri za zamani hazikuifikia.

Hoja za wenye shaka

Zipo hoja mbili ninazozisikia mara kwa mara, na zote zinastahili heshima.

Ya kwanza husema muziki usio na maneno hauna ujumbe, na sisi ni watu wa ujumbe. Ninaielewa. Lakini Buganda kila ukoo una mdundo wake, omubala, na aliyelelewa humo akisikia mapigo hayo anajua ni kina nani wanaoitwa. Jirani zetu Waisukha na Waidakho wa Kakamega hupiga ngoma za isukuti wakati wa kuzaliwa mtoto, wakati wa harusi na wakati wa msiba, na mwili wa msikilizaji hauchanganyi furaha na kilio. UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kama ngoma zisingesema kitu, kupotea kwake kusingemhuzunisha mtu.

Ya pili husema ngoma ina mahali pake, na kuipeleka studio ni kuing'oa. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Ngoma za kadodi, zinazowasindikiza vijana wa Bugisu wakati wa tohara ya imbalu kila mwaka wa shufwa, ni za safari ya kijana kuwa mtu mzima. Siyo kila mdundo ni wa kuuzwa, na wenye mamlaka ya kusema upi unatoka na upi unabaki ni wenyewe, kabla kifaa cha kurekodi hakijawashwa. Lakini Hancock na wenzake hawakurekodi ibada ya mtu. Walichukua kanuni, wakatunga kazi mpya. Nihiloxica nao wametunga. Hilo ndilo ninaloliomba: kazi mpya, iliyotungwa na watu wa hapa, juu ya msingi wa hapa.

Kazi iliyo mbele yetu

Nifunge kwa mambo ya kutenda, kwa maana mhadhara usiozaa kazi ni sauti tu.

Kwanza, turekodi sauti za chini ipasavyo. Uzi mnene wa gita la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita nane, mrefu kupita upana wa vyumba vyetu vingi. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuitoa. Kijana anayerekodi fumbo au engalabi kwa simu na kusikiliza kwa simu hiyohiyo anapata mlio wa ngozi tu. Kifua cha ngoma kimebaki nje. Kisha tunasema ngoma zetu zinasikika nyepesi kuliko za Ulaya! Kipaza sauti kizuri kilichowekwa mahali panapofaa, uwanja wa wazi usio na mwangwi mbaya, na spika za kutosha wakati wa kuchanganya sauti: hizo ni gharama ambazo bendi mbili au tatu zikichangishana zinaweza kuzibeba.

Pili, tuzitumie dakika tulizopewa. Ukuta wa dakika tatu ulioibana benga umeshavunjika. Kipande kinaweza kwenda dakika 13, kama Ostinato, na akogo kubwa ikapata muda wa kurudia sentensi yake hadi msikilizaji aanze kusikia nyimbo ambazo hakuna anayezipiga. Nawaona wapiga fumbo wa Tororo, wapiga akogo wa Busia, mpiga nyatiti kutoka ng'ambo ya mpaka na kijana mmoja wa gita la besi la benga wakikaa pamoja hapa Majanji kwa wiki nzima. Watu hawa wanakutana sokoni kila siku. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha na saa za kutosha.

Tatu, na hili nawakabidhi walimu. Kila rekodi iandikwe jina kamili la kila mpigaji, ala yake, nani aliyemfundisha, nani aliyeichonga na kuiwamba ngoma, na ilipigwa wapi na lini. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alirekodi sehemu nyingi za nchi kati ya 1949 na 1954, na nakala za kazi yake leo ziko Makerere, ambako wajukuu wanaweza kwenda kuwasikia babu zao. Palipo na jina, mjukuu anamkuta mtu wake. Pasipo na jina, anakuta mdundo tu.

Nne, malipo yafuate majina. Mpiga ngoma aliyebuni duru inayobeba kipande ni mtunzi wa kipande hicho, na mgawanyo wa mapato uandikwe hivyo kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Mazoea ya kumlipa mpiga besi posho ya siku moja na kumwachia mwimbaji haki zote hayana msingi katika muziki wenyewe, kwa kuwa omukoonezi hana cha kupiga juu kama waliopo chini hawajapiga.

Ndugu zangu, miaka zaidi ya hamsini iliyopita wanamuziki wa Marekani walitafuta majina katika lugha yetu ili wajitambulishe upya, wakayaandika kwenye jalada kwa fahari: Mchezaji kwa mpiga besi, Jabali kwa mpiga ngoma. Wapiga besi na wapiga ngoma wa Samia, wa Teso na wa Padhola wana majina yao tayari, waliyopewa na wazazi wao. Tuanze kuyaandika mwaka huu, kwenye albamu ya kwanza tutakayoirekodi hapa.